Nguzo za Nyumba ya Liwali

Kwa wauza miti wa Lamu, nguzo ni kipimo. Mikoko ikishakatwa na kupakuliwa kutoka jahazini, hupangwa kwa unene wake: fito ndiyo nyembamba kuliko zote, kisha huja pau, kisha mazio, kisha boriti, halafu nguzo, ambayo unene wake ni baina ya sentimita 14 na 20, na iliyozidi hapo huitwa banaa. Ami yangu, aliyedumu katika biashara hiyo kwa zaidi ya miaka 30, hakuwa na maana nyingine ya neno hilo ila nguzo za dini, na hata hizo alizihesabu kwa vidole vile vile alivyohesabia korija za boriti. Basi sikuwa na jibu mwaka juzi, mwanafunzi mmoja wa usanifu majengo aliyekuja kutoka Nairobi aliposimama nami mbele ya Makumbusho ya Lamu, akanyoosha mkono na kusema: “Mwalimu, hii ni klasiki mamboleo. Ziangalie nguzo, uangalie na ulinganifu wa kulia na kushoto.”

Nilimwambia kwamba hii ni nyumba ya liwali. Hilo halikuwa jibu, naye alikuwa na adabu ya kutonionyesha kwamba amelitambua. Nimelichukua neno lake tangu siku ile kama mtu aliyeachiwa amana, nikilipima kila ninapopita pwani, na haya ninayoyaandika ndiyo majibu niliyopaswa kumpa akiwa bado amesimama pale na daftari lake.

Nyumba yenyewe iko pwani kabisa, ikiutazama mkondo unaotutenga na Manda. Ilijengwa mwaka 1891 na Abdalla bin Hamed, liwali wa Lamu, yaani mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar katika mji huu. Baadaye ikawa makazi ya maofisa wa Kiingereza, mmoja akiondoka na mwingine akiingia, mpaka Kenya ilipopata uhuru, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 imekuwa makumbusho. Mtu akiitazama kutoka chomboni huona weupe wa chokaa, kivuli kizito cha roshani, na milango ya nakshi nyuma ya kivuli hicho. Ni jengo la serikali tangu siku ya kwanza, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye lile jina alilolitaja mwanafunzi wangu, klasiki mamboleo.

Klasiki mamboleo ni jina la mtindo uliotamba Ulaya kuanzia katikati ya karne ya 18, wakati wasomi na wasanifu walipoanza kuyapima upya magofu ya Wagiriki na Warumi, na uchimbaji wa Pompeii ulioanza mwaka 1748 ukawatia hamu zaidi. Waliyachukua mambo machache wakayafanya kanuni: safu ya nguzo mbele ya jengo, pembetatu ya mawe juu ya safu hiyo, ngazi za kupandia, na upande wa kulia unaofanana na wa kushoto kama mbawa za ndege. Nguzo nazo zikawa na kabila zake, Kidoriki, Kiioniki na Kikorintho, na kila kabila likatambulikana kwa kilemba chake cha juu na kwa uwiano wa urefu na unene. Serikali zilizipenda nguzo hizi kuliko hata wenye nyumba, kwa sababu jengo jipya la bunge, benki au mahakama lilionekana kana kwamba limekuwapo miaka 2,000, na mamlaka yaliyoanza jana yakavaa sura ya mamlaka ya kale.

Lakini katika habari hii yote lipo jambo moja ambalo ami yangu angelifurahia. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Masihi, anaeleza kwamba mapambo ya mawe yaliyo juu ya nguzo za Kidoriki ni kumbukumbu ya ujenzi wa miti: vile vipande vyenye mifereji mitatu vinavyopangwa juu ya safu ni mfano wa vichwa vya boriti vilivyokuwa vikitokeza ukutani zamani, maseremala walipokuwa bado wakijenga mahekalu kwa mbao. Anaeleza pia kwamba nguzo ya Kidoriki ilipimwa kwa mwili wa mtu: kwa kuwa unyayo wa mwanamume ni sehemu ya 6 ya kimo chake, nguzo ikapewa kimo cha unene wake mara 6, na vizazi vya baadaye wakaongeza wakafikisha mara 7. Kwetu kipimo kilikuwa mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, nacho pia kimetoka mwilini. Hivyo, kabla sijamkatalia mwanafunzi, ilinibidi nikiri kwamba nguzo ya Athene na nguzo ya ami yangu ni ndugu, na kwamba aliyetangulia kuzaliwa ni ule mti.

Swali ni hii nguzo ya mawe ilifikaje hapa. Mwanafunzi alidhani imetoka Uingereza pamoja na maofisa. Mimi nadhani ilikuja kwa njia ambayo kila kitu kizuri na kila kitu kibaya kimefikia Lamu, yaani kwa upepo, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Bombay.

Mwaka 1833, katika mji huo ambao leo unaitwa Mumbai, Waingereza walikamilisha ukumbi wa mji uliosanifiwa na Kanali Thomas Cowper. Ni klasiki mamboleo isiyo na shaka: ngazi 30 za kupanda kabla hujafika mlangoni, na nguzo 8 za Kidoriki zikikungoja huko juu. Jengo bado lipo, na ndani yake imo maktaba ya Asiatic Society. Miaka hiyo Bombay haikuwa mbali na mwambao wetu kama tunavyodhani leo. Vyombo vilishuka na kaskazi, vikarudi na kusi, na katika miji yetu walikuwamo wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na ndugu, madeni na magodauni pande zote mbili za bahari. Nahodha wa Lamu angeweza kulijua jengo hilo kwa macho yake bila ya kuwahi kuiona Nairobi, ambayo wakati huo haikuwapo.

Aliyeliona kwa muda mrefu zaidi, na kwa machungu zaidi, alikuwa Sayyid Barghash bin Said. Mwaka 1859 alijaribu kumpokonya ndugu yake Majid kiti cha Zanzibar, akashindwa, na Waingereza wakampeleka Bombay alikokaa kama miaka miwili. Alikuwa kijana mwenye macho makali, katika mji uliokuwa ukijengwa mbele yake. Aliporithi usultani mwaka 1870 hakurudi kwenye ujenzi wa baba yake. Mwaka 1883 alikamilisha Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu: ghorofa refu kuliko nyumba zote za Zanzibar, lenye roshani pana zinazolizunguka, na roshani hizo zimebebwa na nguzo za chuma cha kusubu.

Hapa ndipo mahali pa kutulia, kwa sababu ukizitazama picha za nyumba hiyo utaona jambo lililotendeka kwa nguzo ilipovuka bahari. Ulinganifu upo, kulia kama kushoto. Safu ipo, tena safu juu ya safu. Lakini pembetatu ya Kigiriki haipo, na nguzo hazikuwekwa mbele ya mlango tu ili kumtia mgeni hofu, bali zimelizunguka jengo na kazi yake ni kushikilia kivuli. Ukumbi wa Bombay umelitumia jua kama pambo, ili kila mfereji wa nguzo uonekane. Nyumba ya Barghash imelikimbia jua. Ni kweli kwamba alitaka kuonekana, na nani asiyejua kwamba alitaka kuonekana, lakini alitaka kuonekana akiwa amekaa penye upepo.

Nyumba hiyo ilipata mikasa yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga ufuo wa Zanzibar kwa muda usiofika saa nzima, majumba ya jirani yakabomoka, yenyewe ikasalimika, na baadaye ikaongezewa mnara mbele. Kuanzia mwaka 1911 ikawa afisi za serikali ya Waingereza. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, sehemu yake pamoja na mnara iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Nilikuwa nimeketi Mkunguni, uwanjani mbele ya ngome ya Lamu, habari hiyo ilipofika, nasi tukakaa kimya kama waliopokea habari ya msiba wa nyumbani, kwa sababu ile nyumba ni mama wa nyumba zetu za pwani. Liwali wa Lamu mwaka 1891 alikuwa mtu wa Zanzibar kwa cheo, na alipotaka kujenga nyumba inayostahili cheo, mfano uliokuwa machoni mwake ulikuwa na umri wa miaka 8 tu.

Hata ardhi aliyojengea ilikuwa na habari yake. Ngome ya Lamu, ambayo ujenzi wake ulianza karibu mwaka 1813 baada ya vita vya Shela na kukamilika mwaka 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji ilipojengwa. Leo mtu akitoka mlangoni pa ngome, akapita chini ya mikungu na kwenda pwani, anakanyaga ardhi ambayo mababu waliifukia kidogo kidogo katika karne ya 19, kwa taka, vifusi na mchanga. Safu ya nyumba zinazoitazama bahari imesimama juu ya ardhi hiyo mpya. Kabla yake mji ulikuwa umeipa bahari mgongo, au kwa usahihi zaidi, uliipa bahari ngome na ukabaki na mambo yake nyuma.

Hili linataka kuelezwa kwa mtu asiyezijua nyumba za mawe za Lamu. Nyumba ya zamani haina sura ya nje. Ukipita kichochoroni unaona ukuta mtupu wenye unene wa nusu mita hivi, mlango, na daka, yaani ukumbi mdogo wa nje, lenye baraza kulia na kushoto. Ukikaribishwa unaingia tekani, yaani ukumbi wa ndani ya mlango, unageuka ili jicho la mpitanjia lisikufuate, unatokea kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na kuanzia hapo vyumba vinafuatana, msana wa kwanza, msana wa pili, ndani, kila kimoja kirefu na chembamba. Wembamba huo hautokani na ubahili. Boriti inayobeba dari haiwezi kuvuka zaidi ya mita mbili na nusu au tatu bila kulegea, na kwa hiyo mkoko ndio ulioamua upana wa maisha yetu. Uzuri wote umefichwa ndani kabisa, kwenye ukuta wa zidaka za lipu, yaani vishubaka vya nakshi, ambao mgeni wa kawaida hatauona mpaka afe. Mwenye nyumba hiyo, hata awe na fedha na ukoo kiasi gani, hakuzitandaza barabarani.

Na utawala ulifanyikia wapi? Ulifanyikia barazani. Lugha yetu imeshuhudia: kiti cha mawe kilicho nje ya mlango ndicho kilichokuja kuwa jina la kikao cha wazee, kisha la mkutano wa chifu, kisha la Baraza la Mawaziri. Sijui kama mawaziri hukumbuka kwamba wanakalia jiwe. Kabla ya jengo la serikali kuwapo, dalili ya dola hapa haikuwa jengo hata kidogo, ilikuwa sauti: siwa, ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, iliyopulizwa katika shughuli kubwa za wenye mji. Ukisikia siwa ulijua dola iko wapi.

Liwali Abdalla alijenga kinyume na haya yote. Alijenga nyumba yenye uso, tena uso unaoitazama bahari, ili kila nahodha anayeingia bandarini ajue kwa kutazama tu mahali ambapo ushuru na amri hutoka. Na ukizipima tarehe utaona kwamba alijenga wakati mamlaka yenyewe yanamponyoka. Mwaka 1888 Wajerumani walifungua posta yao Lamu. Mwaka 1889 ugomvi baina yao na kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, kuhusu nani akodishwe Lamu, ulipelekwa Ubelgiji kwa Baron Lambermont, mtu ambaye pengine hakuwahi kuonja kamba wa Kizingitini, naye akatoa hukumu juu ya bandari yetu. Mwaka 1890 Wajerumani wakayaacha madai yao ya Witu, ule usultani mdogo wa bara karibu na Lamu, na ya sehemu hizi kwa mkataba, Witu ikapigwa na Waingereza, na Zanzibar yenyewe ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi kutoka kwa kampuni, na mwambao ukabaki wa Sultani kwa bendera nyekundu na kwa kodi aliyolipwa kila mwaka, mpaka 1963. Nyumba ya 1891 ilikuwa kanzu mpya iliyoshonwa wiki ya mwisho ya kazi. Waingereza walipoingia hawakuwa na haja ya kuleta nguzo, walizikuta.

Nguzo walizozijenga wao wenyewe ziko kwingine, na tofauti yake nimeihisi miguuni. Jengo la Mahakama ya Juu jijini Nairobi lilisanifiwa na J. A. Hoogterp na kujengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930. Hoogterp alikuwa amefanya kazi chini ya Herbert Baker, yule aliyewajengea Waingereza majumba ya serikali Pretoria na Delhi, na mkono wa mwalimu unaonekana kwa mwanafunzi: mawe ya kuchonga, nguzo ndefu, ukubwa uliokusudiwa. Ni jengo zuri, na sitaki kusema vingine. Lakini ni uzuri wa aina ya kukuambia utembee polepole na uvue kofia.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka karatasi za kiwanja cha marehemu baba katika ofisi moja ya serikali, mbali na hapa, na si lazima niitaje. Mbele yake palikuwa na nguzo 6 zilizopakwa rangi ya maziwa, kila moja ikinizidi kimo mara tatu au nne. Nilifika saa mbili asubuhi na nikaambiwa nisubiri nje. Nilisubiri mpaka adhuhuri, nikiwa na mama mmoja mzee aliyekuja kwa jambo kama langu, na kila tulipozunguka tulitafuta kitu kimoja tu, mahali pa kuketi. Hapakuwapo. Nguzo zilisimama juu ya sakafu tupu, nyembamba kiasi kwamba hata kivuli chake kilituhama kabla ya saa nne. Mama yule mwishowe alitandika kanga yake chini. Faili la baba halikupatikana siku ile, lakini kilichonikaa rohoni si faili, ni ile sakafu. Nilikumbuka nyumba ya liwali, ambako mtu mwenye shida hata akinyimwa haki alikuwa na mahali pa kunyimiwa akiwa amekaa.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la mwanafunzi, au nusu yake. Nguzo za Lamu zina umbo la kuazima, na anayekana hilo anajidanganya. Lakini zimewekwa ili kivuli kiwaangukie watu waliokaa, na mahali kivuli kinapoanguka pana baraza. Ukumbi wa Bombay umeziinua nguzo kwa ngazi 30 ili mtu apande azifuate. Za kwetu zimeshuka mpaka pwani, mahali mtu anapoweza kuziegemea. Ukiniuliza jina la mtindo huo nitakuambia sina, na sioni haya kutokuwa nalo.

Wenzetu wa Malindi wanaweza kunicheka kwa kupoteza maneno mengi juu ya nguzo, maana wao wanazo za kila namna: makaburi ya mnara kando ya Msikiti wa Ijumaa, ile nguzo yenye msalaba inayomkumbusha mtu ujio wa Vasco da Gama mwaka 1498, na ile nyumba ya mwishoni mwa karne ya 19 ambayo jina lake lenyewe ni Nyumba ya Nguzo, iliyofanywa makumbusho mwaka 2004. Niliingia humo mara moja tu, mchana wa jua kali, na nguzo zake nene za duara zilinipa kivuli kile kile ninachokijua. Inatosha kwa Malindi.

Nusu ya pili ya jibu nilifundishwa na fundi wa chokaa, na ilinigharimu fedha. Nyumba yetu ya familia haiko safu ya mbele, lakini babu aliiongezea ukumbi wenye nguzo 4 za duara, kwa kuiga za pwani, kama kila mtu aliyejiweza wakati wake. Zilipoanza kupukutika nilimwita mkandarasi aliyekuwa akijenga hoteli jirani. Alizipiga lipu ya saruji katika siku mbili, zikang'aa, nikamlipa. Baada ya masika ya pili zilitoka malengelenge. Ukigonga kwa kidole ulisikia uwazi. Mwaka uliofuata kipande kikubwa kama sinia kilidondoka usiku, na nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga uliochanganyika na chumvi nyeupe yenye punje kama sukari.

Fundi niliyemwita baadaye alikuwa mzee wa mtaa wa Langoni, niliyemwita mjomba kwa heshima tu. Aliulamba ule unga kwenye ncha ya kidole kabla ya kusema neno. “Mwanangu, simiti ni nguo ya mpira. Umemvika mtu anayetoka jasho.” Kisha akanieleza. Tumbawe limetoka baharini na chumvi yake, na ardhi ya Lamu ina unyevu unaopanda ukutani kila siku. Chokaa ina vitundu, huuacha unyevu upite ukakauke nje. Saruji huufungia ndani, maji yakikauka chumvi huganda nyuma ya lipu, huvimba na kusukuma, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, inapobanduka huondoka na nyama ya jiwe. Niliyalipia mateso hayo mara mbili, kuyaweka na kuyatoa.

Kazi yake ilichukua wiki saba. Chokaa aliyoitumia ilikuwa imechomwa kwa tanuri la duara lililopangwa kuni chini na matumbawe juu, kisha ikaachwa nje inywe mvua kwa miezi, kwa sababu chokaa changa, alisema, ina hasira. Alipofika kwenye nguzo hakuanza kwa kupaka. Alipiga ukanda mmoja wa lipu chini, upana wa kiganja, akauzungusha kwa kigezo cha ubao mpaka ukawa duara kamili, kisha akapiga ukanda mwingine juu namna ile ile, akateremsha timazi kutoka wa juu hadi wa chini pande nne. Kanda mbili zilipokubaliana ndipo alipojaza katikati, tabaka juu ya tabaka, akipitisha ubao mrefu ulioegemea kanda zote mbili ili ukwangue kilichozidi.

Lakini ubao wake haukuwa umenyooka. Niliuona nilipouinua ili nimpe: ukingo mmoja ulikuwa umelika kidogo katikati, kama upinde uliolegezwa. Nilidhani umezeeka, nikajitolea kumnunulia mpya. Alicheka. Alisema ukiifanya nguzo iwe sawasawa tangu chini mpaka juu, mtu akiitazama kwa mbali ataiona imekonda kiunoni kana kwamba ina njaa, na kwa hiyo lazima katikati uache nyama kidogo. Wagiriki walifanya hivyo hivyo katika mahekalu yao, uvimbe mdogo ambao jicho halijui kwamba linauona, na wasomi wa Ulaya walipoupima waliuandikia vitabu. Mjomba aliupata kwa nani? Nilimuuliza. Akasema kwa baba yake, na baba yake alikuwa kibarua wa lipu katika nyumba za pwani.

Siku ya mwisho ilibaki sehemu moja tu, upande wa ndani wa nguzo mbili zinazopakana na baraza, kuanzia usawa wa kiti hadi mkono mmoja na nusu juu yake. Hapo alifuta lipu kwa kitambaa chenye maji, akasugua kwa jiwe laini, akafuta tena, mpaka pakawa kama kaure. Nilimwambia kwamba pande nyingine hajazifanyia hivyo na wageni wataona tofauti. Hakugeuka. “Wageni watatazama kule,” alisema, akionyesha juu kwa mwiko. “Huku ni pa mgongo.”